Kukanyaga Kitu

Dundee, saa nne usiku, maktaba inafungwa saa sita
nami bado niko upande wa kulia wa moyo,
ukurasa wa mia mbili na kumi na tatu,
chai ya mashine imepoa, ina ladha ya kopo lake.

Mwalimu Gillespie hana maneno mengi:
Fuata damu. Ukipotea, fuata damu.
Basi nafuata kwa penseli ya bluu,
chumba cha juu, valvu, chumba cha chini,
kisha mapafuni, na hapo penseli inakwama.

Mapafu yakichakaa mishipa yake hubana,
mlango uliovimba kwa mvua.
Upande wa kulia husukuma. Husukuma tena.
Ukuta wake hunenepa kwa kazi
mpaka siku unachoka, unalegea,
na damu iliyokosa njia hurudi ilikotoka:
shingoni, kwenye ini, miguuni.

Miguuni.

Asubuhi, wodi ya nane, Bwana Petrie,
miaka thelathini na mmoja kiwandani, akisokota nyuzi za magunia,
alinipa mguu wake kama mtu anayeazima jirani jembe.
Nikabonyeza kwa dole gumba, nikahesabu hadi tano,
nikaachia. Kishimo kikabaki.
Unga wa mkate huo, akasema, akacheka,
kicheko kikawa kikohozi,
kikohozi kikamchukua mbali. Nikangoja arudi.

Baba alikuwa na kishimo hicho hicho.
Korogwe, kambi ya katani, nina miaka tisa,
nikikibonyeza kila jioni, najua ni mchezo.
Baba mtu wa brashi, nyusi nyeupe kwa vumbi,
analala amekaa, mgongo ukutani,
na watu wanasema amekanyaga kitu.
Mganga akaja, akala kuku wetu wawili,
akanyoosha kidole nyumba ya tatu, kwa Bi Nyange,
ambaye kosa lake lilikuwa kuishi peke yake
na kufagia uani kabla ya alfajiri.

Tuliacha kumwamkia.
Miaka sita, kisima kimoja.
Alikufa hatujamwamkia.

Mlinzi anazima taa za mwisho wa ukumbi.
Dakika kumi, binti, ananiambia.
Nairudisha penseli kwenye mapafu,
naishusha taratibu mpaka kwenye kifundo cha mguu,
na pembeni, kwa herufi ndogo, naandika:
Shikamoo, Bi Nyange.

Kitabu ni cha maktaba.
Sifuti.