Sema Maji

Sentensi ile niliiandika mwenyewe, sikatai.
Alhamisi, umeme umekatika Langoni nzima,
natafuta maneno ya dakika tatu za redio ya Ijumaa,
nikaandika: wa hapa kwanza.
Maneno matatu. Nikayapenda
kama mtu apendavyo kanzu iliyomkaa.

Sikuwa na mtu moyoni. Nilikuwa na ramani za mashamba,
hatimiliki zenye majina ya watu wasiowahi kuvuka kivuko,
bandari iliyojengwa pasi na kutuuliza,
na vijana wetu walioomba kazi ya ubawabu
wakarudishwa na bawabu.
Hayo ni kweli. Hata leo nitayasema.

Jumatatu yake sentensi ilikuwa ukutani, rangi ya kijani,
mtaa wa Kashmiri, unapopinda kwenda Kandahari.
Hakuna aliyecheka.
Mitaa yetu yenyewe imekuja na majina ya safari,
nasi tunaiuliza kuta zake nani mgeni.

Jumatano mgombea akaivaa kifuani.
Yeye, Nairobi tangu chekechea,
Kiamu chake cha Idi mbili kwa mwaka.
Akanipigia: "Ustadhi, umetupa silaha."
Nikashukuru. Nilidhani ni sifa.

Sokoni, mbele ya ngome, vijana wakabuni mtihani.
Swali moja tu: Sema maji.
Anayesema maji, afunge virago.
Anayesema mai, huyo wetu, apite.

Wakamfikia Wangeci wa ufuta,
aliyezaliwa Hindi, akakulia kwenye vidaka vya watu hapa,
akifua, akilea, akijifunza kutusi kama sisi.
"Mai," akasema.
"Mai ya Shela, mai ya mvua, mai ya kisima cha babako
alichokichimba babangu. Nikutilie?"
Kimya kikapita, kile kifupi
ambacho mtu mzima angeweza kusema neno.
Nilikuwapo. Nilikuwa nachagua ndimu.

Kisha mmoja akasema, "Ulimi umepasi, jina limefeli,"
akaupiga teke ungo.
Ufuta haukusanyiki, ndugu zangu.
Uliingia katika nyufa za mawe,
na siku nne sisimizi walipita mlangoni pa ngome
wamejipanga kama wapiga kura.

Mwezi wa pili binti yangu Raya akatimiza miaka kumi na minane,
akaenda kuomba kitambulisho.
Watu watano mezani, birika la kahawa,
na mmoja wao, namjua, nilimsomesha,
akamwuliza bibi mzaa baba alizaliwa wapi.
Raya hakufunzwa kusema uwongo. Kosa langu.
"Kismayu," akasema.
Wakaandika. Wakamwambia alete cheti cha marehemu babu,
na cha babake babu,
na mashahidi wawili wa hapa.

Usiku ule mama hakuniuliza kitu.
Alikuwa akichambua mchawa katika mchele, kwa vidole tu,
macho yalikwisha mwacha.
Aliletwa Amu na miaka kumi na mitano, sanduku moja,
amezika hapa mume na watoto watatu.
Alipofika chini ya sinia ndipo aliposema,
bila kuinua kichwa:
"Na mimi, mwanangu, umenieka wapi?"

Nilitaka kumwambia habari za hatimiliki.
Nilitaka kumwambia bandari.

Ijumaa nikaketi mbele ya kipaza sauti.
Karatasi ninayo, nimeifuta mara sita.
Wangeci, nasikia, huuza Witu siku hizi, au haonekani,
inategemea unamwuliza nani.
Taa nyekundu ikawaka. Koo likakauka.
Nikamgeukia fundi wa mitambo nikamwomba,
hewani, watu wa mji mzima wakisikia:
nipe maji.

Maji. Na j yake, kavu, kama ya kitabuni.
Kijana akanitazama
kabla hajanyanyua gilasi.