Kamba ya Ng'ombe

Walilala nje usiku mbili, mbele ya duka,
kwenye viti vya kukunja, na chupa za chai, na blanketi za mbwa.
Ilikuwa Juni, lakini Burlington usiku
ziwa hutoa baridi yake lililoificha.
Tulipofungua mlango tuliamriwa kuwapigia makofi,
nasi tukawapigia, kama vile wamezaa.

Dola mia sita.
Nilizitamka mara themanini siku ile bila kumeza mate.
Msichana wa nywele za zambarau alilibusu boksi.
Daktari wa meno alinunua mbili, ya pili ya akiba,
kana kwamba simu ni figo.
Mwanafunzi mmoja, Thaddeus, alihesabu noti za dola moja moja
zinazonuka vitunguu vya pizza,
akauliza, "Na laini yangu ya zamani?"
Nikamwonyesha aya ya kumi na mbili.
Kampuni moja tu. Miaka miwili. Saini hapa, na hapa.
Alitukana kwa sauti ya chini, akatia saini.
Kipya kinyemi, walisema wahenga,
wakamalizia kwa neno ambalo dukani hatulitaji.

Wa sabini na kitu alikuwa Armand Lachapelle.
Mikono ya mkamuaji, iodini imeganda kwenye kucha.
Alikuwa ametoka kwake saa tisa usiku,
ng'ombe kamwachia kijana wa jirani.
"Binti yangu yuko Tucson. Kajifungua.
Anasema humu nitamwona mtoto."
Nikaandika namba ya posta ya kijiji chake.
Ramani ikafunguka: nchi nzima rangi ya chungwa,
na pale kwake, katikati ya milima miwili,
weupe,
kama maziwa yaliyopigwa teke.

Mashine ikauliza: Endelea?
Meneja Kimball alikuwa nyuma yangu, anapumua mnanaa.
Nilibonyeza.

Nayasema haya kwa sababu hakuna aliyeniuliza.
Uongo haukuwepo. Ipo aya ya thelathini na moja,
herufi zake kama mayai ya chawa:
huduma hutegemea mahali.

Septemba bei ikaporomoka, dola mia mbili kwa usiku mmoja.
Waliopigiwa makofi wakarudi, safari hii
wakipiga kaunta.
Daktari wa meno alisema amenyang'anywa, mara mbili.
Thaddeus hakusema kuhusu bei.
Alikuwa ameivunja kufuli ya simu yake,
wiki tatu akaongea kwa laini aitakayo,
kisha sasisho likaja usiku, kama mwenye nyumba,
na asubuhi akaamka ameshika tofali jeusi.
"Ni yangu," aliniuliza, "au si yangu?"
Nikapekua aya zote. Zilikuwa nyingi.
Swali lake halikuwamo.

Oktoba, viatu vya matope juu ya zulia letu jeupe:
Armand.
Siku za kurejesha ni kumi na nne, zilikwisha Julai.
Nilikuwa nimejiandalia maneno, hata pole ya mfukoni mwangu.
Alitaka chaja ya gari.

"Inashika?" nikauliza, namtazama kifuani.
"Nyumbani, hapana. Zizini, hapana.
Kilimani, makaburini, vijistari viwili.
Naegemea jiwe la Lucienne, mke wangu,
namsubiri mtoto afunguke picha kwa picha,
kwanza nywele, halafu paji.
Wapita njia hudhani nalia. Huvua kofia.
Lakini baridi ya kule juu hula betri."
Akaigeuza simu kiganjani, taratibu,
kama anayetafuta alama ya chuma cha moto kwenye ubavu.
"Ajabu yenu, binti.
Ng'ombe nimemlipia mimi,
kamba kaishika mwingine."

Nikamtilia chaja mfukoni mwa koti
bila kuipitisha kwenye mashine.
Kimball alikuwa ameenda kula.
Hilo nalo lina aya yake.