Kisima cha Nne

Juni, Mbeya. Loleza imejifunika ukungu mpaka kidevuni.
Naingia maabara na koti juu ya sweta,
naipuliza mikono kwanza, isizishtue sahani.
Humo kabatini wao hawaijui baridi:
nyuzi thelathini na saba, usiku na mchana,
seli za ini la mtu nisiyemjua jina,
zinagawana mbili, nne, nane.
Kwetu tukigawana shamba, shamba hupungua.
Hizi zikigawana huongezeka.

Juzi nilizinywesha dawa.
Kisima cha kwanza, maji ya chumvi tu.
Cha pili tone. Cha tatu matone.
Cha nne, kipimo ambacho mkono ulisita.

Ni dawa ileile anayomeza kaka Ambakisye
kule Tukuyu, alfajiri, kabla ya uji;
dawa ya kifua, itiayo mkojo rangi ya chungwa.
Kikohozi kimenyamaza, amerudi kuchuma chai.
Ila Jumapili nilimtazama machoni
nikaona umanjano usio wa jua.
"Moshi wa jikoni," akasema,
akasogeza sahani ya kande bila kuionja.

Wifi humwita nyongo mkalia ini.
Mimi nilidhani ni maneno ya kanga.
Sasa nyongo imehama kiti,
imepanda machoni.

Leo nazitonea wino wa buluu.
Seli iliyo hai huukataa wino.
Iliyokufa haina tena mlango, hupokea chochote.
Cha kwanza, weupe. Cha pili, weupe.
Cha tatu, buluu hapa, buluu pale.
Cha nne nahesabu, nakosea, naanza upya:
buluu, buluu, kama sketi za shule
zikimwagika getini saa nane.

Sahani si mtu, najua. Nimefundishwa hivyo.
Nikatoka nje hata hivyo, nikapiga simu.
"Kesho nenda kituoni, wakupime damu.
Usiziache dawa kwa kichwa chako,
wala usizimeze kimya.
Wao ndio watasema ipi ipumzike,
na zirudi vipi, moja moja."
Kimya. Mvua ya kwao ikipiga bati.
"Na kifua je?" akauliza.
Sikuwa na kisima cha swali hilo.

Nikarudi kwenye darubini.
Pembeni mwa kile cha nne, nilipoparuka,
seli moja imeukataa wino,
nyeupe, kiuno kimeanza kubanwa katikati.
Sikuiandika mara moja.
Niliikalia kwanza,
mikono imepoa tena.