Jozi

Saa nane usiku, Kutaisi. Theluji imeziba dirisha
na mdomo wa Bi Tsiala unamwita Bondo
kabla Bondo hajasikika.

Sikuanza na hesabu, nilianza na waya.
Nikaung'oa wa spika, nikaupuliza, nikauchomeka.
Nikafuta mafaili ya muda. Nikazima mashine,
nikahesabu mpaka thelathini, nikawasha.
Bi Tsiala akafumba mdomo
na sauti yake ikaendelea kutembea peke yake,
kama mtu asiyejua kwamba mwenzake ameshaketi.

Ndipo nikaanza kutafuta mchawi.
"Guram, kadi ulinakili wewe."
Kijana akaapa. Akanionyesha daftari:
kadi ya nne, faili la saba, kila kitu kimepigwa tiki.
Basi ni Avto na kinasa sauti chake kikuukuu!
Nikampigia. Simu imezimwa, yuko Batumi, anaoza binti.
Nikamhukumu hivyo hivyo, bila shahidi,
huku saa ya ukutani ikinikumbusha
kwamba saa tatu Mzia anakuja na wenye fedha.

Nikaisukuma sauti nyuma, fremu moja, fremu nne.
Hapa ikakaa. Kule ikaharibika.
Blanketi fupi: ukifunika kichwa, miguu inalia.

"Lakini mwanzoni mbona iko sawa?" akauliza Guram,
kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukaripiwa mara mbili.

Tukarudi mwanzo. Kibao kikapigwa: ta!
Mbao na mlio, kitu kimoja.
Dakika ya kumi, nusu sekunde na ushei.
Dakika ya ishirini, sekunde na ushei.
Kitu kilichochelewa unakivuta, yakaisha.
Hiki kilikuwa kinazidi kuchelewa.

Tulihitaji kibao cha mwisho, na Avto hakukipiga.
Tukamwacha bibi aseme: miaka thelathini
akiendesha vigari vya kuning'inia juu ya machimbo,
na siku umeme ulipokatika
Bondo akiwa katikati ya bonde, mkononi ana samaki.
Alicheka mdomo ukiwa mzito wa huzuni.
Alihuzunika meno yakiwa nje.
Halafu, dakika ya arobaini na moja,
akachukua jozi kwenye sahani,
akaiweka juu ya meza, akaipiga kwa kisigino cha kisu.

Ganda likafunguka kimya.
Tukangoja.
Ka!

Guram alikuwa ameshasimama.
Tukahesabu kwa kidole, kama watoto wa darasa la kwanza:
fremu hamsini na tisa.
Dakika arobaini na moja, fremu hamsini na tisa.
Moja katika kila elfu, haizidi, haipungui.
Mashine mbovu haikosei kwa unadhifu namna hiyo.

Nikafungua ukurasa wa mipangilio,
ule unaojazwa siku ya kwanza na kusahauliwa.
Kamera: ishirini na tatu, nukta tisa saba sita.
Mradi: ishirini na nne kamili.
Picha zangu zilikuwa zinakimbia
na sauti ya watu ilikuwa inakwenda mwendo wake wa haki.
Chini, tarehe ya Novemba, na jina la aliyejaza.
Jina langu.
Nyani alikuwa ameketi kitini pangu usiku kucha
akichungulia makundu ya wenzake.

Kurekebisha kulichukua dakika sita.
Kuunganisha upya, mpaka saa kumi na moja.
Nikaruka mpaka sahani, mpaka kisu:
ganda na mlio papo kwa papo,
jozi na jozi yake.
Bi Tsiala akasogeza nusu ya kiini kuelekea kamera
na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema "kula"
midomo yake ikisema "kula."

"Samahani," nikamwambia Guram.
Alikuwa amelala, shavu juu ya daftari la tiki.
Midomo yangu imeshasema.
Sauti itamfikia asubuhi, mbele ya Mzia.