Siku ya Ishirini na Moja

Muuzaji pale soko la Majengo aliapa kwa mama yake:
wote majike, bibi, wewe beba tu.
Nikawabeba simbilisi wawili kwenye boksi la sabuni,
mjukuu wangu Chilewa akiwasemesha njia nzima
mpaka Nkuhungu, vumbi la Agosti likitufuata kama mdai.

Nimekuwa mkunga miaka thelathini na mmoja.
Niliowapokea leo wananipita na pikipiki, hawanijui.
Lakini wale wawili sikumpindua hata mmoja kumtazama.
Aibu hiyo naiandika mwenyewe,
asije akaiandika mwingine.

Mweupe mwenye doa jichoni tukamwita Nyendo.
Yule wa rangi ya karanga alikuwa akitikisa kiuno,
akinguruma kama friji mbovu,
akimzunguka mwenzake polepole, kucha zikikwaruza ubao.
Chilewa akasema, "Bibi, anacheza."
Nikasema, anacheza.

Oktoba, asubuhi, nikakuta wanne zaidi kwenye nyasi,
macho wazi, manyoya tayari, meno tayari,
wanatembea kama watu waliochelewa kazini.
Nikacheka peke yangu uani.
Katoto ka mtu kanachukua mwaka kusimama;
haka kana saa tatu, kanaonja jani la mzabibu.

Sikujua kwamba jike akishazaa,
usiku uleule, nyasi bado mbichi kwa damu,
dume habishi hodi.
Mimi!
Mimi niliyesimama Makole na chati ukutani
nikiwaambia kina mama, pumzika, mwili nao una kiangazi chake,
nikawafokea waume mlangoni hadi wakavua kofia,
kwangu nimewafungia pamoja nikaongeza maji.

Mvua ya kwanza ilipogonga bati
Nyendo alikuwa amezaa tena. Watatu.
Mbavu zake unazipitia kwa kidole kama tasbihi.

Ndipo nikamwita bwana mifugo, Ndahani,
mtu asemaye bila kukukazia macho.
Akawashika mmoja mmoja kiganjani,
akabonyeza kidogo chini ya tumbo:
dume, jike, dume, dume.
"Wiki tatu, mama. Siku ya ishirini na moja
umtoe kijana kwa mama yake na dada zake.
Ukisema kesho, umeshachelewa."

Nilikuwa nimeshachelewa, na si kwa hao tu.
Jirani Manyono alipohamia Singida
aliniachia jike wake, mnene, mpole,
wa mwaka na ushee, hajawahi kuzaa.
Nikamtia humo humo, asikae mpweke.
Usiku wake ulipofika, akasukuma, akasukuma.
Nyonga yake ilikwisha kujifunga, mfupa kwa mfupa;
kwao mlango usiofunguliwa mapema haufunguki tena.
Nilijua kwa kugusa tu.
Vidole hivi, vilivyogeuza watoto waliokaa vibaya,
vilikuwa vikubwa mno.
Chilewa alishika tochi. Hakuuliza kitu.

Sasa banda lina wavu katikati, wa matundu madogo.
Vijana wako kwenye kreti mbili kule jikoni,
mbali na harufu ya majike,
maana wakiipata wanagonganisha meno, wanachanana masikio.
Wa rangi ya karanga amehasiwa.
Hata hivyo Ndahani alisema subiri wiki sita,
kisu kimepita ila mbegu haijaisha.
Tukachora chaki ukutani, mistari arobaini na miwili,
mmoja niliuchora mara mbili, nikaufuta.

Siku tuliyomrudisha, Nyendo alimnusa nyuma, akampa mgongo,
akaendelea na ganda lake la tikiti.
Baadaye wakalala, mbavu kwa mbavu.
Ananenepa.

Jana wageni wa kanisani walisimama bandani.
Chilewa akampindua mmoja kwa ufundi, kiganja chini ya matako,
akasema kwa sauti ya kliniki:
"Huyu jike. Mjamzito tangu kabla ya wavu. Msimbane tumbo."
Mama mmoja akaangalia pembeni.
Mimi nilikuwa natafuta chaki.