Dole Gumba

Kizuri chajiuza, twasema. Hili halikujiuza.
Lilikuwa limejibanza nyuma ya kibaniko cha mkate
katika duka la vitu vikuukuu, Burslem,
pauni mbili, na kibandiko kilichogoma kubanduka.

Bakuli. Rangi ya jivu la jana.
Upande mmoja limepanda, mwingine limelegea
kama mtu aliyeegemea ukuta akingoja zamu iishe.
Chini lina muhuri wa Kijapani.
Chizuru wa duka la dawa alilipindua mara tatu:
"Shigaraki," akasema. "Bibi yangu alikuwa na kama hili,
la wali wa kila siku. Si la kuweka kabatini."

Basi silikuweka kabatini.
Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya basi la hospitali,
namimina uji humo,
wa ulezi anaonitumia shemeji kutoka Leicester,
na baridi ya Stoke inabaki dirishani, inachungulia.
Joto halikurupuki kuniunguza;
linakuja polepole, kama hodi ya mtu mwenye adabu.
Ukingo unakwaruza kidogo.
Kila asubuhi midomo yangu huujua upya.

Jumapili alipanda Bwana Clifford Bagnall wa ghorofa ya chini
kurudisha bisibisi.
Miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi kiwandani:
vikombe vyeupe vikipita mbele yake kwenye mkanda,
naye akivisikiliza kwa ukucha.
Ting, hiki kizima. Tak, hiki pipani.
Chenye nukta, pipani. Kilichopinda, pipani.
"Usiku," aliwahi kuniambia, "nilikuwa naota kishindo."

Nilimtilia chai humo. Vikombe vyote vilikuwa vichafu,
sitajisifu kwamba nilipanga.
Akaligonga kwa ukucha. Halikulia ting, halikulia tak.
Akalizungusha, kidole kikipekua kwa mazoea,
hadi kikatua ubavuni, penye kibonyeo:
mfinyanzi alilishika lingali bichi
(udongo uwahi ungali maji)
akasahau dole gumba lake humo, likachomwa nalo.

Dole la Clifford likaingia. Likakaa.
"Hili ningelivunja," akasema,
"kabla hata ya chai ya saa nne."

Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga mapipa ya taka.
Nikamuuliza, niongeze?
Akanisogezea bakuli
bila kulitoa mkononi.