Dakika Mbili

Kaseti ya baba ilijaa rumba pande zote.
Nikiwa darasa la nane, pale Makongeni,
niliziba vitundu vyake kwa karatasi na gundi
nikarekodi juu yake muziki wa kufokafoka,
mtangazaji akidakia kila ubeti.

Baba alitoka kazini reli, akaibonyeza,
akasikiliza hadi mwisho, viatu bado miguuni.
"Huyu naye anafukuzwa na nani?"
Basi. Akaenda kunawa.

Nina miaka arobaini na moja.
Fundi Wambua wa Luthuli ameifufua redio.
Naipeleka mbele ile ghadhabu yangu yote
hadi inapokatika:
gitaa, kisha sauti katikati ya neno la Kilingala,
dakika mbili, labda pungufu,
ambazo mkono wangu haukuzifikia.